Bunduki yangu ya kwanza ya nusu-otomatiki hapa Texas: karatasi, risasi ndogo, halafu mwalimu

Mfugaji_Texas (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Shikamooni wakubwa.

Nashusha uzi huu kwa sababu tangu mwaka jana napokea ujumbe ule ule kutoka kwa Waswahili wenzangu wa Dallas, Houston mpaka Ohio: "Kaka, nasikia umenunua bunduki, na mimi nataka, ninunue ipi?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka. Leo naweka kila kitu hapa, mniwie radhi kwa urefu.

Nina ekari 6 magharibi ya Fort Worth na mbuzi 30 na kidogo. Msimu wa kuzaa, koyoti (mnyama wa jamii ya mbweha wetu, ila mkubwa zaidi) walinimalizia watoto wanne ndani ya wiki mbili. Jirani yangu, mzee wa Kimarekani aliyekulia kwenye ng'ombe, akaniambia nianze na mbwa mkubwa na uzio mzuri, bunduki ifuate baadaye. Mbwa nikapata, uzio nikaukaza, nikaanza kutafuta bunduki.

Silaha pekee niliyowahi kuiona kwa karibu ni gobore la babu yangu, Kilosa. Lilikuwa linaninginia juu ya kitanda chake na sisi wajukuu tulikatazwa hata kulisogelea. Msimu wa mahindi babu alikuwa anashindilia baruti kwa kijiti, taratibu, anaweka fataki, anakwenda kulala shambani kusubiri nguruwe. Gobore ukishalifyatua unakaa dakika nzima kabla hujawa tayari kupiga tena. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Duka la kwanza nililoingia, muuzaji alinisikiliza labda dakika mbili. Akaniwekea mezani AR-15 (bunduki nusu-otomatiki ya mtindo wa kijeshi) yenye darubini, taa, mkanda, na magazini (visanduku vya kubebea risasi) sita za risasi 30 kila moja. Jumla ilikaribia dola 1,900. Nilikuwa tayari kulipa. Kilichonizuia ni leseni yangu ya udereva: ilikuwa bado na anwani ya nyumba niliyohama, na sheria inataka kitambulisho chenye makazi yako ya sasa. Nikaambiwa nirudi baada ya kubadilisha. Nilitoka nimekasirika, ila zile wiki tatu za kusubiri leseni mpya ndizo zilizoniokoa, maana ndipo nilipokaa na yule jirani akaniuliza, "Umewahi kupiga risasi ngapi maishani?" Nikasema hakuna hata moja. Akasema basi nunua .22, bunduki ya risasi ndogo kabisa.

Nilinunua .22 inayoitwa Ruger 10/22. Ni bunduki iliyoingia sokoni mwaka 1964 na bado inatengenezwa, ina uzito wa kama kilo 2.3, magazini yake ya duara inabeba risasi 10 na inaingia yote ndani ya mwili wa bunduki. Niliipata kwa dola 300 na kidogo. Haipigi teke kabisa, unaisikia begani kama mtu anakugusa. Risasi moja wakati ule ilikuwa senti kama 8, wakati ya AR-15 ilikuwa inakaribia senti 50. Pigeni hesabu wenyewe: kwa dola 40 nilikuwa napiga risasi 500 za mafunzo, mwenzangu mwenye kubwa anapiga 80 tu.

Msiidharau kwa udogo wake. Kwenye maboksi ya risasi hizi wameandika onyo kwamba zinaweza kwenda zaidi ya maili moja. Inaua mtu. Na kwa koyoti haitoshi, mnyama yule anahitaji risasi yenye nguvu zaidi ili asiondoke na jeraha akafie vichakani. Hii ni bunduki ya kujifunzia, na mimi naamini kwa moyo wote kwamba kila anayeanza aanzie hapo hata kama mfukoni ana dola 5,000.

Sasa karatasi, na hapa naomba wahamiaji wenzangu msome mara mbili.

Ukinunua kwa muuzaji mwenye leseni ya serikali kuu unajaza Fomu 4473. Kwa bunduki ndefu umri ni kuanzia miaka 18, bastola 21, na kuna majimbo yameongeza. Fomu inauliza uraia wako, na kama si raia inataka ile namba yako ya mgeni iliyo kwenye grini kadi (kadi ya ukazi wa kudumu). Mwenye grini kadi anaruhusiwa kununua. Lakini usije ukaweka alama kwenye "raia wa Marekani" kwa haraka au kwa sababu muuzaji amekuambia haina tofauti. Kudai uraia usio wako ni jambo ambalo uhamiaji hawalisamehi kirahisi, unaweza kupoteza makazi yako kwa alama moja ya kalamu. Na sheria ya uhamiaji inayataja makosa ya silaha waziwazi kama sababu ya kumwondoa mtu nchini.

Fomu inauliza pia kama unatumia bangi. Kuna majimbo mengi yameiruhusu, lakini fomu yenyewe inakuonya kwamba kwa sheria ya serikali kuu bado ni haramu. Anayeivuta asinunue, na asiandike uongo.

Swali jingine: je, wewe ndiye mnunuzi halisi? Shemeji yako asiye na karatasi akikupa hela umnunulie kwa jina lako, huo si msaada wa kindugu. Tangu 2022 kuna sheria mahususi ya kosa hilo na kifungo chake kinafika miaka 15.

Ukimaliza kujaza, muuzaji anawasiliana na mfumo wa uhakiki wa FBI unaoitwa NICS, ulioanza Novemba 1998. Jibu linakuja: endelea, subiri, au amekataliwa. Mimi nilipata "subiri". Majina yetu haya matatu matatu, herufi zinazobadilika kati ya pasipoti na grini kadi, mkae mkijua. Sikufokea mtu. Nilirudi nyumbani, siku ya pili nikapigiwa simu kwamba imepita.

Nitaendelea na namna ya kuishika. Kama kuna maswali tiririkeni.

Mama_Wawili_MN

Asante sana kwa hii, kaka. Mimi ni Mkenya, niko Minnesota, nafanya kazi ya uuguzi usiku. Mume wangu anataka kununua na mimi nimekataa kwa sababu moja tu, watoto. Wa kwanza ana miaka 9, wa pili 5, na huyo wa pili anafungua kila kitu. Wewe unaiweka wapi? Na sheria za huku ni kama za Texas?

Mfugaji_Texas

Dada, umeuliza swali lililotakiwa kuja la kwanza.

Mimi nilinunua sefu kabla ya bunduki. Ni kabati la chuma, nimelifunga kwa boliti ukutani, linafunguliwa kwa namba ambazo tunazijua mimi na mama watoto tu. Bunduki inakaa humo haina risasi, komeo (kile chuma kinachoingiza risasi na kuifungia ndani) wazi, na ile kufuli ya waya iliyokuja nayo imepita ndani. Risasi ziko kwenye sanduku jingine lenye kufuli, chumba kingine. Hapa Texas ni kosa la jinai kumwachia mtoto wa chini ya miaka 17 silaha yenye risasi mahali anapoweza kuifikia. Ila mimi sikufanya kwa ajili ya sheria. Nina wa miaka 7 nyumbani.

Juu ya kabati usiweke, chini ya godoro usiweke. Yule wa miaka 5 anayefungua kila kitu ameshafika huko kote wakati wewe uko zamu.

Minnesota ni tofauti kidogo. Kwa bastola, na kwa baadhi ya nusu-otomatiki za mtindo wa kijeshi, mnaomba kibali cha kununua kwa polisi au sherifu wa eneo lenu. Illinois lazima uwe na FOID, kadi yao ya mwenye silaha. New York tangu 2022 nusu-otomatiki inahitaji kibali na umri wa miaka 21. California kuna kusubiri siku 10. Kila mtu aulize jimbo lake, asibebe ushauri wa Texas akaupeleka kwingine.

Mume wako akikubali sefu kwanza, mazungumzo yenu yataenda vizuri.

Msomi_OK

Mkuu, mimi niko Oklahoma kwa viza ya masomo, F-1. Kununua najua haiwezekani, lakini washkaji wananialika uwanja wa shabaha kila wikendi, pale unakodi bunduki. Si natumia tu na kurudisha?

Mfugaji_Texas

Mdogo wangu, usiende bado. Sheria inayowazuia wenye viza za muda haikusema kununua peke yake. Imesema kumiliki, na kushika ya kukodi nako kunahesabika. Kuna vighairi, kimojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo, na wanafunzi wengine wanapitia hapo. Lakini mwone mwanasheria wa uhamiaji kabla, chuo chako huenda kina huduma hiyo bure. Na usikubali kupigwa picha umeshika bunduki ya mtu ukaiweka mtandaoni. Masomo yako yana thamani kuliko Jumamosi moja.

Mfugaji_Texas

Naendelea na namna ya kuishika.

Nusu-otomatiki maana yake nini hasa? Unavuta triga mara moja, inatoka risasi moja. Nguvu ya ule mlipuko inalisukuma komeo nyuma, ganda linarushwa pembeni, springi inalirudisha komeo mbele likiwa limechota risasi nyingine kutoka kwenye magazini. Yote hayo kabla hujapepesa jicho. Ukitaka nyingine unaachia triga, unavuta tena. Rashasha ni kitu kingine, ile ukibana inamwaga mfululizo, na hapa imebanwa na sheria ya 1934 kisha ile ya 1986.

Sasa rudini kwenye gobore la babu. Yeye akishapiga, silaha imekuwa rungu. Hii yangu ikishapiga, imeshajijaza yenyewe na iko tayari, na mimi sijafanya lolote. Hatari ya anayeanza imekaa hapo. Anapiga ya kwanza, inagonga kopo, anafurahi, anageuka kuwaambia wenzake "mmeona?" na mtutu unageuka naye, kidole kiko kwenye triga. Nimeliona hilo kwa macho yangu kwenye uwanja mmoja, kijana wa watu, mzuri tu, na watu wanne wamelala kifudifudi kwenye saruji.

Kwa hiyo siku ya kwanza jirani alinipa risasi moja. Moja tu ndani ya magazini. Napiga, nashusha, natoa magazini, navuta komeo, naangalia, nagusa kwa kidole kidogo mdomo wa chemba (tundu risasi inapokaa) kuhakikisha ni tupu. Halafu ananipa nyingine. Tulifanya hivyo mara 30, kama saa nzima. Baadaye akanipa mbili mbili.

Mpangilio wa kuondoa risasi ukariri kama namba yako ya simu: magazini kwanza, komeo baadaye. Ukigeuza, yaani ukavuta komeo wakati magazini imo, utatoa risasi moja na kuingiza nyingine, kisha utachomoa magazini ukidhani iko tupu. Tena hii 10/22 ya kawaida, risasi zikiisha komeo linarudi mbele kama vile bado zipo. Kwa kuitazama nje huwezi kujua. Lazima ufungue, uone, uguse.

Kanuni zile nne za Jeff Cooper, mwalimu wa bunduki wa Kimarekani, utazikuta ukutani kila uwanja: kila bunduki ichukulie ina risasi, mtutu usiuelekeze kwa usichotaka kukiharibu, kidole nje ya triga mpaka umeshalenga, ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Mimi hiyo ya mwisho ndiyo inanikaa zaidi, kwa sababu nyuma ya mbuzi wangu kuna barabara.

Masikio na macho: vaa miwani ya kinga, na vizuia sauti hata kwa .22, maana mlio wake unafika kama desibeli 140 na masikio yakishakufa hayarudi. Ukimaliza nawa mikono na sabuni kwa maji baridi kabla ya kula au kumshika mtoto, risasi zina madini yenye sumu yanayoitwa lead na vumbi lake linakaa kwenye nguo. Ukivuta triga isilie, subiri sekunde 30 mtutu ukiwa umeelekea kwenye shabaha. Ikitoa mlio mdogo usio wa kawaida, acha kabisa, toa kila kitu, angalia kama kuna risasi imekwama ndani ya mtutu.

Mzee_wa_Kambi

Marahaba mwanangu. Nimesoma kwa furaha. Mimi nilipita JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) miaka ile, tukapewa SAR, bunduki ya nusu-otomatiki, kila mmoja risasi chache, afande anakupigia kelele "bana pumzi, bana!" Nilikuwa naziba pumzi mpaka macho yanaona nyota. Huko kwenu wanafundishaje?

Mfugaji_Texas

Mzee wangu, asante kwa kupita. Huku nimekuta wanafundisha kuziachia. Unapumua kawaida, unatoa hewa, na pale chini kabla ya kuvuta nyingine kuna kituo kifupi ambacho mwili wenyewe umetulia. Unapiga hapo. Ukipitisha sekunde chache hujapiga, pumua upya, usilazimishe.

Niliyapata hayo kwenye mafunzo ya wikendi yanayoitwa Project Appleseed. Wanafundisha watu wa kawaida kulenga, wengi wanakuja na .22, umbali ni yadi 25 tu, na katikati ya mazoezi wanasimulia habari za Aprili 19, 1775, siku vita vya uhuru wao vilipoanza kule Lexington na Concord. Asubuhi ya kwanza unapewa shabaha yenye vivuli vya watu vinavyopungua ukubwa, mfano wa yadi 100, 200, 300 na 400, na risasi 13. Mimi 400 sikuigusa, 300 sikuigusa, na ya 200 ilikuwa ukingoni.

Mwalimu hakunilaumu. Alilala kando yangu akaniambia nifumbe macho nikiwa nimelenga, nipumue mara mbili, nifumbue. Nilipofumbua, ile ncha ya mbele ya kulengea ilikuwa imehamia kushoto kwa kama upana wa kiganja. Akasema, "Mwili wako unataka kupiga pale. Wewe unausukuma kwa misuli kurudi katikati, na ukivuta triga misuli inaachia." Dawa yake? Usisogeze mikono. Kiwiko cha kushoto kinabaki ardhini kama nguzo, unasogeza nyonga na miguu mpaka ukifumbua macho unakuta uko katikati wenyewe. Mzee, nilihisi kama nimevaa miwani kwa mara ya kwanza. Risasi tano zilizofuata zingefunikwa na sarafu.

Kisha akafanya jambo jingine. Alichukua magazini yangu, akachanganya risasi za kweli na za bandia za plastiki, akanirudishia bila kusema mpangilio. Napiga, pa. Napiga, pa. Navuta ya tatu: kimya, na mtutu ukachomoka chini kama nimegonga msumari. Hapakuwa na mlio wowote, ni mimi niliyekuwa nauogopa kabla haujaja. Tiba ya hiyo nimeifanyia nyumbani: bunduki tupu, risasi ziko chumba kingine, sarafu imesimamishwa juu ya mtutu, unabana triga taratibu mpaka ilie "tik" na sarafu isianguke. Dakika 10 kila jioni, miezi miwili. Mwongozo wa 10/22 unaruhusu kuifyatua tupu namna hiyo, .22 nyingine nyingi zinaharibika, kwa hiyo someni mwongozo wa kwenu.

Mtihani wao ni risasi 40, alama 250, na ukifika 210 unapewa kitambaa cha kushona begani. Jumamosi nilipata 143. Jumapili jioni 198. Nilirudi miezi mitano baadaye nikapata 217. Bunduki ni ile ile, sikubadilisha hata skrubu, nilichoongeza ni mkanda wa dola 20 wa kubania mkono.

Kijana_wa_Goma

Ndugu yangu, miye niko Abilene. Nimesoma yote. Kwetu nilikuwa na miaka 11 tulipokimbia, na mlio wa bunduki bado ukinikuta hata kwenye runinga mwili unakufa ganzi. Julai 4 huku, siku ya uhuru wao wanapolipua fataki, nalala bafuni. Sitaki kununua. Lakini kazini wenzangu wote wanazo, jirani anazo, na mtoto wangu ataenda kucheza kwenye nyumba zao. Nataka niweze kuwa karibu na kitu hiki bila kutetemeka, na nijue kumfundisha mtoto akikiona afanye nini. Inawezekana bila mimi kufyatua?

Mfugaji_Texas

Kaka yangu, pole sana. Nimeisoma mara tatu kabla ya kujibu.

Inawezekana, na hakuna atakayekulazimisha kufyatua. Kuhusu mtoto, wangu nimemfundisha maneno manne: simama, usiguse, ondoka, mwambie mkubwa. Tunayafanyia mazoezi kama wimbo. Na kabla hajaenda kucheza kwa mtu nawauliza wazazi, "Silaha mnafungia wapi?" Mara ya kwanza niliona aibu. Watu wa hapa hawakukasirika, mmoja alinipeleka akanionyesha sefu lake.

Kuhusu mwili kufa ganzi, kama una nafasi ya kuzungumza na daktari au mshauri anayehudumia waliotoka vitani, anza huko, mimi ni mfugaji tu. Lakini shambani kwangu karibu sana. Siku ya kwanza hatutapiga kitu. Nitaifungua bunduki vipande vipande juu ya meza, komeo, springi, mtutu, uone kila kimoja kinafanya nini kikiwa hakina uhai. Tutakula. Ukitaka siku nyingine, utakaa ndani ya gari, vioo vimepandishwa, umevaa vizuia sauti, mita 200 kutoka nilipo, na mimi nitapiga .22 moja baada ya wewe kuniinulia mkono. Usipoinua sipigi.

Kutoka Abilene ni mwendo wa kama saa mbili hivi. Jumamosi ya wiki ijayo niko nyumbani. Njoo saa 4 asubuhi, mbuzi watakuwa wameshatoka. Mlete na mtoto, kuna vitoto vya mbuzi vya wiki mbili.

Kijana_wa_Goma

Nitakuja. Nitaleta sombe, kisamvu chetu.